Fungu la Mwalimu katika Ushindi

Timu ikishinda, sifa humwendea aliyefunga bao. Ikishindwa, lawama humwangukia mwalimu wake. Desturi hii imeenea hata ni wachache wanaouliza kama ina haki. Lakini swali hili si la uwanjani peke yake. Mzazi, mwalimu wa shule na fundi mwenye wanagenzi, wote hulima shamba ambalo mavuno yake huchukuliwa na mikono mingine. Wana fungu gani katika mavuno hayo? Na yakiharibika, wadaiwe nini?

Nyanda za Juu Kusini zina mifano miwili inayofaa kufikiriwa. Mbeya City iliasisiwa mwaka 2011 chini ya halmashauri ya jiji, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza, uliokwisha mwaka 2014, ikashika nafasi ya tatu: nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Mwalimu wake alikuwa Juma Mwambusi. Huko Iringa, Lipuli ilifundishwa na Selemani Matola, aliyepata kuwa kiungo na nahodha wa Simba. Mwaka 2019 Lipuli iliitoa Yanga kwa mabao 2 kwa 0 katika uwanja wa Samora, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, na huko Lindi ikafungwa na Azam bao 1 tu.

Hali ya mtu kama Matola ina somo ndani yake. Mchezaji hutawala mpira kwa mguu wake mwenyewe. Akiwa mwalimu, kinachobaki kwake ni neno, na neno likishatamkwa halina amri juu ya mguu wa mtu mwingine. Huiona pasi ambayo angeitoa, huona kwamba mwanafunzi hakuiona, wala hana la kufanya ila kungoja. Mchezaji hutakiwa kutenda. Mwalimu hutakiwa kujizuia, na kwa yule aliyejua kutenda vizuri, kujizuia ndiko kugumu zaidi.

Iko michezo inayomwandaa mtu mapema kwa kazi hiyo. Park Joo-bong wa Korea ya Kusini alikuwa bingwa wa mpira wa vinyoya kwa wachezao wawili wawili. Mwaka 1992 huko Barcelona, mchezo huo ulipoanza kushindaniwa medali katika Olimpiki, yeye na Kim Moon-soo walitwaa dhahabu. Katika mchezo wa wawili, nusu ya hekima ni kukiacha kinyoya kilicho cha mwenzako, hata kama mkono una hamu ya kukipiga. Park alianza kuifundisha Japani mwaka 2004, na mwaka 2016 huko Rio de Janeiro Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi waliipatia nchi hiyo dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huo. Aliyezoea kumwachia mwenzake alikwisha kujifunza namna ya kumwachia mwanafunzi.

Wako wasemao kwamba mwalimu apimwe kwa kile kinachobaki baada yake. Kipimo hicho kinapendeza, lakini kikitumiwa ovyo hudhulumu. Matola aliondoka Iringa mwaka 2019. Mwaka 2020 Lipuli ikashuka daraja. Mwambusi aliondoka Mbeya mwaka 2015 kwenda kuwa msaidizi Yanga. Mbeya City ilishuka mwaka 2023, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2025. Je, kushuka huko ni deni la walioondoka? Timu ni uongozi, fedha na mikataba. Wachezaji huhama na wafadhili huchoka. Mwalimu hakukabidhiwa hayo yote. Alikabidhiwa watu, na watu huchukua mafunzo yao popote waendapo, hata mahali ambapo jina la mwalimu halitajwi. Kwa hiyo kipimo cha haki hakimo katika msimamo wa ligi, bali katika kijana anayeamua vyema dakika ambayo hakuna sauti ya kumwongoza.

Maneno haya hayamwondolei mwalimu lawama zote. Aliyewafundisha watu kumtegemea yeye tu, hata wakawa hawajiwezi asipokuwapo, amejijenga kwa mali ya wengine. Huyo anadaiwa, hata kama kabati lake limejaa vikombe.

Mwaka 2025 Park alirudi kuifundisha Korea, akasimama upande wa pili wa wavu mbele ya timu aliyoilea kwa miaka 20. Vivyo hivyo kijana aliyelelewa Mbeya au Iringa huweza kurudi siku moja katika jezi ya ugenini na kuifunga timu ya mwalimu wake. Siku hiyo itaandikwa kwamba mwalimu ameshindwa. Habari hiyo itakuwa kweli, lakini haitakuwa kweli yote. Na mwalimu mwema, akiondoka uwanjani ameinamisha kichwa, atajua ni ipi iliyosalia.