Sasa Ulikuwa Unaimba Nini?

Mwezi wa Aprili tuliitwa kupiga muziki Shinyalu, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Ilikuwa siku ya mahari. Bendi yetu ina watu watano na mimi ndiye mwimbaji, hasa kwa sababu gitaa lilinishinda. Watu walipomaliza kula tukawapigia "Kasongo", ule wimbo wa Orchestra Super Mazembe wa mwaka wa 1977, na hema lote likasimama. Wajomba, mashangazi, watoto, hadi mzee mmoja wa mkongojo. Nikaimba Kilingala chote bila kukwama, nikicheka na watu. Mama ya bibi harusi akainuka, akaingia jikoni, hakutoka mpaka wimbo ulipoisha.

Jioni akatuletea chai. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo Kasongo unajua alifanya nini?"

"Sijui, mama."

"Sasa ulikuwa unaimba nini?"

Kasongo aliacha mke na watoto. Wimbo ni kilio cha kumwomba arudi nyumbani. Mume wa huyu mama alienda Nairobi binti akiwa darasa la pili, na siku ile kiti chake alikikalia mdogo wake. Tena ni huyo mume aliyemweleza mkewe maana ya wimbo, zamani, wakati bado alikuwa anarudi na sahani za santuri.

Niliomba msamaha, lakini moyoni nilijitetea. Sikujua! Nani anajua? Mwaka wa 2024 vijana waliufufua wimbo huo mitandaoni, jina likawa la kumtania Rais William Ruto, nchi nzima ikaimba, na wengi wetu hatuna Kilingala hata cha kuombea maji. Halafu nikafikiria mtu wa boda anayesema hakujua breki zimekufa. Swali la kwanza utakalomuuliza si kama alijua. Utamuuliza kama aliangalia.

Tatizo hili ni la zamani kwa waimbaji wa jazi. (Nikisema jazi, sitengi bendi zetu. Shirati Jazz waliimba Kijaluo, TPOK Jazz Kilingala, na jina hilo walijipa wenyewe.) Nat King Cole alirekodi albamu nzima ya Kihispania mwaka wa 1958, lugha asiyoizungumza, akikariri sauti za maneno. Ella Fitzgerald alisahau maneno ya "Mack the Knife" jukwaani Berlin mwaka wa 1960, na badala ya kujifanya, akayatunga mengine palepale, yakiwemo ya kukiri kwamba amesahau. Kwangu Ella ni msafi kabisa. Hata anapoimba silabi zisizo na maana yoyote hamdanganyi mtu, kwa sababu hajakuambia kuna habari ndani.

Cole ananisumbua zaidi, lakini Miriam Makeba ananisaidia kumwelewa. Aliimba "Malaika" na Kiswahili chake kina makosa, sisi wenye lugha tunayasikia. Hatujali. Kijana wa wimbo ule anataka kuoa na hana mali, na Makeba anaimba kama mtu anayejua kukosa mali ni nini. Ulimi wake uliteleza, ila hakukosea mahali panapouma. Mimi nilifanya kinyume chake: kila silabi ilikaa sawa, na usoni nilikuwa nacheka.

Mpiga besi wetu hakubaliani nami. Anasema ningengoja tafsiri, rumba isingevuka mpaka. Na pia anasema, Wakongo wenyewe waliuweka msiba huo kwenye magitaa ya kucheza, kwa hiyo kucheka ndio adabu yake. Hapo amenikamata, nakiri. Waisukha na Waidakho hupiga isukuti harusini na matangani, ngoma zilezile, na mtu akicheza penye maiti hakuna anayedhani amesahau kuna maiti. Lakini ndiyo hoja yangu. Wao wanajua. Mimi nilicheza matangani nikidhani ni harusi, na ninashuku nililipwa vizuri kwa sababu hiyo hiyo, maana mwimbaji asiyejua maana hana kinachomzuia kuchangamka.

Wiki iliyofuata nilimtafuta Mkongo mmoja anayeuza vitenge, akanifafanulia neno kwa neno nikiandika kwenye daftari. Mahali pawili alisita, akampigia dada yake simu. Sasa nikiimba siwezi kucheka pale nilipokuwa nacheka, na mpiga besi analalamika kwamba wimbo umepoa. Huenda ni kweli. Tumejaribu kuupandisha mwendo kidogo.

Desemba tunarudi kwa yule mama, mahari ya binti wa pili. Nilimpigia nikamuuliza kama tuutoe kwenye orodha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ataniambia siku yenyewe, akishaona ni nani wamekuja.