Kurudiwa Kila Asubuhi

Masomo: Maombolezo 3:22–23, Waebrania 12:5–11



Mama mmoja alibaki nyuma baada ya ibada akaniambia, "Mchungaji, nimechoka kumwomba Mungu msamaha kwa kosa lile lile. Hasira yangu naizika Jumapili, Jumatano imeshafufuka. Naona toba yangu ni ya uongo." Tuliomba pamoja, lakini neno lake limekaa nami wiki nzima. Nuru niliipata mahali ambapo sikutarajia: katika hesabu za saa iliyomo miilini mwetu.

Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alichukua mmea unaokunja majani usiku na kuyakunjua mchana, kama kifanyavyo kifauwongo chetu, akauweka gizani. Majani yaliendelea kukunjuka asubuhi na kujikunja jioni. Mmea haukuliona jua, ila ulikuwa na majira yake ndani.

Ilipita miaka zaidi ya 200 kabla ya watu kuanza kuelewa majira hayo hutunzwaje. Mwaka 1971, huko California, Ron Konopka na Seymour Benzer waliwachunguza nzi wadogo wa matunda, wale wanaozengea ndizi mbivu. Walikuta kwamba jeni moja tu ikibadilika, siku ya nzi huwa ya saa 19, au ya saa 28, au mpangilio wote hupotea, nzi akalala na kuamka ovyo. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young ndio waliokuja kueleza utendaji wa jeni hiyo, na mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Nobel. Jeni huagiza protini itengenezwe. Protini hujikusanya usiku, kisha huingia katika kiini cha seli na kuizuia jeni ile ile iliyoiagiza. Inapovunjika na kupungua, kizuizi huondoka na kazi huanza upya. Mzunguko mmoja hukaribia siku moja.

Hata kabla ya nzi hao, mwaka 1965, Brian Goodwin alikuwa ameandika milinganyo ya mzunguko wa namna hii, ambamo kinachozaliwa hurudi kumzuia mzazi wake. Hesabu hizo zinafundisha jambo zito. Kizuizi kikifika papo hapo, kila kitu hutulia kwenye kiwango kimoja, pasiwe na mchana wala usiku. Ili mdundo upatikane, kizuizi sharti kikawie, na kikishafika kiwe na nguvu. Anayepikia jiko la mkaa anaijua hali hii: ukipunguza mkaa, sufuria huendelea kutokota kwa muda, ukiuongeza, moto hukawia kukolea. Kukawia huko kunakomsumbua mpishi ndiko seli inakotumia kuhesabu saa.

Lugha yetu ina neno linalobeba haya yote: kurudi. Msafiri hurudi nyumbani. Mzazi naye humrudi mtoto, yaani humwonya ili akae sawa, na Waebrania inatuambia kwamba kurudiwa ni alama ya kuwa wana. Protini ile hurudi, na kwa kurudi kwake huirudi jeni. Uhai wenyewe umejengwa juu ya kukubali kuzuiwa.

Hata hivyo, saa hiyo ya ndani haijitoshelezi. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake, huko Marekani, waliwapima watu waliokaa bila dalili za mchana na usiku wa nje. Siku ya mwili wao ilikuwa na wastani wa saa 24 na dakika 11. Dakika 11 ni kidogo, lakini kwa wiki zinapita saa nzima. Kinachoturudisha ni mwanga unaoingia machoni na kufika kwenye kifungu kidogo cha seli za neva katika ubongo, takriban 20,000. Wengi wa ndugu zetu wasioona mwanga hata kidogo wanaujua uzito wa jambo hili: usingizi wao husogea siku hadi siku, mpaka mchana unakuwa usiku.

Mama yangu, mwili wako wenyewe husogea kila siku, na Mungu hajaudharau, huuletea asubuhi. Mwanga wa jana hausahihishi dakika za leo. Ndiyo maana yule aliyeomboleza katikati ya magofu ya Yerusalemu alisema kuwa rehema za Bwana ni mpya kila kunapokucha. Kutubu tena leo hakuifanyi toba ya jana kuwa ya uongo. Na kama badiliko linakawia, kukawia si kukosekana.

Ila tusiifanye neema hii kuwa ruhusa ya kuzembea. Hasira ya jana hutulizwa na neno moja la unyenyekevu kabla ya chai. Hasira iliyoachwa mwezi mzima huhitaji wazee wa kanisa kukaa kikao.

Tuwakumbuke pia wauguzi, walinzi na madereva wanaofanya kazi tukiwa tumelala. Mwanga wao na kazi yao vinavutana. Tusiwapigie simu saa nne asubuhi kisha tukawaita wavivu. Kumlindia mwenzako usingizi ni tendo la upendo.

Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Wiki hii tuhesabu hivyo hata rohoni. Kabla hujagusa simu, fungua dirisha, simama mwangani, utaje mbele za Mungu mahali uliposogea jana, na mtu mmoja utakayemwendea leo.

Tuombe. Bwana, uliyeiwekea seli mpaka na asubuhi wakati wake, tunasogea bila kujua. Uturudi kwa upole, nasi tutakurudia. Wape usingizi waliochoka, na uwape subira wanaongoja badiliko. Katika jina la Yesu. Amina.