Boazi Hakuishia kwenye Shayiri

Masomo: Ruthu 2–4, Hesabu 27:1-7, Yohana 7:50-51

Wiki hii nataka tufikirie swali ambalo halisikiki sana mimbarini: je, pesa ya kumsaidia maskini afikishe kesi yake mbele ya hakimu ni sadaka kama ile ya unga na blanketi? Ama hayo ni mambo ya korti, tuyaachie serikali? Mimi si wakili. Niko katika kamati ya ustawi ya ushirika wetu, wale mnaowaona na daftari la michango baada ya ibada, na swali hili limenikalia kwa muda mrefu.

Tuanze na Ruthu. Tukihubiri kitabu hiki huwa tunakaa sana shambani. Tunamwona mjane mgeni, Mmoabi, akiokota masazo nyuma ya wavunaji. Boazi anawaambia vijana wake wasimsumbue, na wamwachie masuke makusudi. Tunasonga mpaka sura ya tatu, pale anapompa vipimo sita vya shayiri ampelekee mama mkwe wake. Hapo tunasema Amina, tunatoa sadaka, tunaenda nyumbani.

Lakini sura ya nne ipo. Boazi anapanda mpaka langoni pa mji na kuketi. Siku zile lango ndilo lilikuwa korti. Anamsimamisha jamaa aliye karibu zaidi kwa ukoo, anaita wazee kumi, kisha mbele ya watu wote anataja shamba la marehemu Elimeleki: nani ana haki ya kulikomboa, na huyu mjane atasimama wapi? Neno linaamuliwa, kiatu kinavuliwa kuwa ushahidi, na wazee wanakubali kuwa mashahidi.

Hebu fikirieni angeishia kwenye shayiri. Vipimo sita vingekwisha. Naomi na Ruthu wangerudi kuomba tena, na shamba la Elimeleki lingebaki bila mtu wa kulisemea. Boazi alijua kwamba njaa ya wale wanawake wawili ilikuwa na mzizi, na mzizi huo ulikuwa langoni.

Sasa tujiangalie sisi. Mshirika akifariki, tuko hodari. Kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku uleule. Tunachanga pesa za mochari, jeneza, gari, hema na viti, na chakula cha wageni. Mazishi yanapita, viti vinarudishwa, mhasibu anasoma hesabu, tunashukuru Mungu. Halafu mjane anabaki na shemeji zake.

Kuna dada mmoja, sitamtaja, ambaye hata mwezi haukuisha kabla hajaulizwa cheti cha ndoa. Kwanza pikipiki ya marehemu ilichukuliwa. Kisha mahindi yakapandwa kwenye shamba lililokuwa kwa jina la mume wake, na aliyepanda hakuwa yeye. Alidhani hiyo ndiyo sheria, ati mali ni ya ukoo. Hakujua kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu kabla ya korti kutoa idhini, na kwamba kufanya hivyo ni kosa la jinai. Sheria hiyo imetumika tangu 1981. Kwake ilikuwa kama haijaandikwa.

Na hata angejua, ona safari iliyo mbele yake. Atafute barua ya chifu inayotaja warithi. Apate cheti cha kifo. Afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kujua shamba liko kwa jina la nani. Ajaze fomu za korti, aape hati ya kiapo, tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 30 zipite ili mwenye pingamizi aseme. Kisha kwa kawaida miezi sita ipite kabla ya kuomba uthibitisho wa mgao. Kila hatua ina nauli, ada, na mtu wa kusoma Kiingereza cha korti. Katika kisa cha dada huyu nilipiga hesabu. Gharama ya kuanzisha faili, pamoja na nauli za mwanzo, ilikuwa ndogo kuliko tuliyolipa hema na viti. Alikuja kusaidiwa na wasaidizi wa kisheria wa shirika moja, faili ikafunguliwa, na hadi leo anangoja. Mwisho wake siujui. Angalau sasa anangoja akiwa na nambari ya kesi.

Nchi yetu haijakosa sheria nzuri. Katiba ya 2010, ibara ya 48, inasema serikali ihakikishe kila mtu anapata haki, na kama kuna ada, isimzuie mtu. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila wakili angedhulumika sana. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikaanzisha huduma ya kitaifa na mfuko wake, na ikawatambua wasaidizi wa kisheria. Kabla ya hapo kulikuwa na Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, na FIDA Kenya ya mawakili wanawake, iliyoanza 1985. Hata katika magereza kama Shimo la Tewa na Kamiti, wafungwa wamefunzwa sheria wakawa wanawaandikia wenzao rufani.

Kuna pia korti ya madai madogo. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Lakini mama anayedai pesa ya mboga alizokopesha hoteli hatapita kwenye mlango ambao hajui uko wapi.

Tatizo liko kwenye neno "bure". Bure ya mmoja ni gharama ya mwingine. Msaidizi wa kisheria anapanda matatu kama sisi. Karatasi zinanunuliwa, ofisi ina kodi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama hiyo imelipwa na wafadhili wa nje. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipokata misaada yake, mashirika mengi ya kijamii hapa kwetu yalipunguza kazi au yakasimama. Tulizoea kuona mjane wa Kenya akitetewa kwa pesa ya mlipa kodi wa ng'ambo, ambaye hajawahi kukanyaga kijiji chake. Mimi naona hilo halitufai sisi tulioimba kwenye mazishi ya mume wake.

Najua majibu tunayopeana tukinywa chai baada ya ibada. La kwanza ni kwamba Mungu ndiye wakili wetu, tuombe tu. Amina, tuombe. Lakini Paulo aliomba kuliko sisi, na siku alipofungwa kamba tayari kupigwa mijeledi alimuuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa. Baadaye alikata rufani kwa Kaisari. Na wale mabinti watano wa Selofehadi walipoona jina la baba yao linafutika kwa sababu hakuacha mtoto wa kiume, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakataka urithi. Musa alilileta neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wana haki. Sisomi popote kwamba waliulizwa ada mlangoni.

Wengine watanikumbusha 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu wasishtakiane. Ni kweli, na Katiba yenyewe, ibara ya 159, inaruhusu wapatanishi. Lakini Paulo aliuliza kama hakuna mwenye hekima kati yao wa kuamua. Alitaka neno lisikilizwe na kuamuliwa.

La pili ni kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli pia, na tunapokutana na mbunge wetu tumuulize ule mfuko wa 2016 umetengewa nini mwaka huu. Lakini hatujaacha kulisha wenye njaa kwa kuwa kuna wizara ya kilimo.

La tatu ndilo gumu. Ati tutoe sadaka kumtetea mwizi? Tuseme kijana ameshikwa kwa wizi wa mabavu, na aliyeibiwa ni dada yetu, anayekaa kiti cha tatu kutoka mbele. Tumchukulie pesa kwenye bahasha tumpe aliyemwibia? Sitaki kulipita swali hili haraka, maana machozi ya huyo dada ni ya kweli.

Nikodemo alikuwa katika baraza lililokwisha kukata shauri juu ya Yesu. Akauliza kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia kwanza na kujua atendalo. Hakusema kwamba Yesu hana hatia. Aliuliza juu ya kusikilizwa tu, na kwa hilo akadharauliwa. Korti inayosikia upande mmoja haijahukumu bado, imeamini tu. Kijana wa rumande asiyejua kumhoji shahidi, asiyeelewa lugha ya hati ya mashtaka, hajasikiwa hata kama amesimama kizimbani mara kumi. Na dada yetu aliyeibiwa anahitaji aliyemwibia kweli ndiye afungwe. Akifungwa mwingine kwa kukosa msemaji, mwizi wake bado anatembea. Kama kijana ndiye, basi afungwe kwa kosa alilofanya na kwa kiasi cha sheria. Wakili wake hatazuia hilo. Tena wengi walio rumande hawakushikwa kwa mambo makubwa. Katiba, ibara ya 49, inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, ama kifungo kisichozidi miezi sita. Ni wangapi wanaijua hiyo siku wanapopelekwa mbele ya hakimu?

Ninakubali kwamba aliyeumizwa atapata taabu kuyapokea haya. Hatulazimishi bahasha yake. Lakini sisi wengine tusiifanye hasira yake kuwa kisingizio chetu cha kutotoa.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, na si ukosefu wa pesa. Tuseme tumetenga mfuko. Tuseme kila harambee ya mazishi inaweka sehemu kando kwa ajili ya karatasi za mjane, mawakili tulio nao wanatoa Jumamosi moja kwa mwezi, na vijana wawili wamepelekwa kufunzwa usaidizi wa kisheria. Halafu mjane anakuja, na aliyemnyang'anya shamba ni mshirika wetu. Tena si mshirika wa kawaida, ni yule aliyenunua vipaza sauti. Itakuwaje?

Hapo ndipo tutajua kama tulitoa sadaka ama tulinunua unyamavu. Kama mwenye kuchanga zaidi ndiye anayesema kesi ipi isaidiwe na ipi iachwe, huo mfuko utakuwa mkono mwingine wa mwenye nguvu, na ni afadhali usianzishwe. Kwa hiyo pendekezo langu lina sharti. Kamati ya ustawi na wazee wasichague kesi. Pesa ipewe watu wanaofanya kazi hii kwa utaratibu wao, wawe ni shirika linalojulikana ama mawakili waliokubali kujitolea. Tuletewe hesabu ya matumizi, bila majina. Na asaidiwe yeyote, awe mshirika, Mwislamu, ama mtu ambaye hajawahi kuingia ibadani. Ruthu mwenyewe alikuwa mgeni.

Tena tuwe tayari kwamba wengine tutakaowasaidia watashindwa kesi. Boazi alimtaka Ruthu, lakini alimpa yule jamaa wa karibu nafasi yake ya kwanza mbele ya wazee, na kama yule angeshikilia haki yake, Boazi angerudi nyumbani mikono mitupu. Kwenda langoni ni kukubali kwamba upande wa pili nao utasikilizwa. Tunachomlipia maskini ni kusikilizwa. Uamuzi haulipiwi.

Wapendwa, bajeti ya ushirika itasomwa hivi karibuni. Nitaomba mstari mmoja mpya chini ya ustawi, hata ukianza na kidogo. Kabla ya siku hiyo, naomba vikundi vya nyumbani vijadili mambo matatu. Katika eneo letu, ni mjane gani tuliyezika mume wake mwaka huu, na shamba lake liko kwa jina la nani leo? Tukisaidia mtu dhidi ya mmoja wetu, tutaweza kuketi meza moja Jumapili inayofuata? Na kati yetu, ni nani anajua ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu iko wapi? Anayejua aandike mahali ilipo kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango, mahali ambapo hata anayepita njia anaweza kusoma.