Alama Ndani ya Kifuniko

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba usiku na mchana na akaviwekea kipimo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, masahaba zake, na kila anayefuata nyayo zao mpaka Siku ya Mwisho. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada.

Leo nataka tuzungumze juu ya saa za mkono. Najua wengine mtatabasamu, kwa sababu mnajua jinsi ugonjwa huu ulivyotuingia hapa chuoni. Tuko wengi tunaozunguka soko la Arua tukitafuta saa kuukuu, tunazifungua, tunazisafisha, tunazibadilisha mkanda, uso na mishale, kisha baada ya Isha tunavutana mikono kuangaliana nani ana nini. Mimi ni mmoja wao. Bwenini kwangu kuna bisibisi ndogo, vibano viwili, kioo cha kukuzia na kopo la biskuti lililojaa vipuri. Sikuja kuwaharamishia jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakuliharamisha. Nimekuja kuwasimulia kosa langu, ili yeyote aliye na bisibisi mkononi leo asilirudie.

Kwanza tujue kwamba kazi hii ina heshima katika Uislamu. Dini yetu imefunga nguzo zake na wakati: swala ina nyakati zake, saumu ina alfajiri na magharibi yake, hija ina siku zake. Ndiyo maana misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na mtu aliyeitwa muwaqqit, kazi yake kupima nyakati za swala. Mmoja wao ni Ibn al-Shatir, muwaqqit wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, ambaye mwaka 1371 aliutengenezea msikiti huo saa kubwa ya kivuli cha jua. Kabla yake, mwaka 1206, al-Jazari alimaliza kitabu chake cha mitambo, na ndani yake alieleza namna ya kuunda saa zinazoendeshwa na maji. Kwa hiyo kijana Mwislamu anayependa kujua gurudumu hili linasukumwa na nini hajapotea njia. Amekaa mahali walipokaa watu wakubwa.

Lakini saa ni shahidi tu. Haiumbi wakati, inautolea ushahidi. Sisi wa West Nile tunalijua hili kuliko wengi. Ukitoka Koboko ukavuka Oraba kuingia Sudan Kusini, unarudisha saa nyuma kwa saa nzima, kwa maana wenzetu wale walibadilisha saa zao Februari 2021. Ukivuka kwenda Kongo, ni vivyo hivyo. Jua halikusogea hata kidogo, na adhuhuri ni ile ile. Tena, ingawa saa zetu na za Mombasa zinasema namba moja, jua linafika katikati ya mbingu Arua kama dakika 35 baada ya Mombasa. Hapa kwetu, kwa mwaka mzima, hilo hutokea kati ya saa sita na dakika 40 na saa saba na dakika 10 za mchana. Mtu anayechukua ratiba ya swala ya Mombasa na kuitumia Arua anaweza kuswali Adhuhuri kabla ya wakati wake, na saa yake ikawa nzima kabisa. Shahidi lazima ahakikishwe. Na anayemtengeneza shahidi ana jukumu zito zaidi.

Sasa nisikilizeni.

Nilinunua Seiko 5 kuukuu sokoni kwa bei ndogo. Wanaozijua wanajua mashine yake: vijiwe 21, mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kwa kila sekunde, na inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono wako. Ile yangu ilikuwa imeshika kutu. Nikatoa mashine ya saa nyingine iliyovunjika kioo, nikaihamishia humo. Nikaweka uso mpya mweusi na mishale inayong'aa gizani. Ilitoka nzuri, wallahi. Ilibaki mpira mwembamba unaokaa chini ya kifuniko cha nyuma kuzuia maji. Ule wa zamani ulikuwa umekauka, una mpasuko kama unywele. Mpya sikuwa nao. Nikaupaka mafuta ya mgando, nikafunga.

Nikaitangaza kwa shilingi 120,000. Nikaandika kwamba ni safi, imefanyiwa huduma, haiingii maji. Usoni ilikuwa na maneno ya kampuni yanayosema hivyo, nami nikajiambia kwamba sikusema zaidi ya yaliyoandikwa.

Aliyeinunua ni mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, mtu wa Koboko. Alikuwa anaihitaji kwa sababu simu haziruhusiwi katika chumba cha mtihani. Kwa kuwa aliamini haiingii maji, kila alipotia udhu aliilegeza tu, akaisogeza ili maji yafike kwenye ngozi kama fiqhi inavyomtaka, akaendelea. Mara tano kwa siku. Siku ya mtihani ile saa ilisimama, ikaenda, ikasimama tena, naye ameinamisha kichwa anaandika. Msimamizi alipotangaza kwamba zimebaki dakika kumi, saa mkononi mwake ilikuwa inamwambia amebakiwa na karibu saa nzima. Swali la mwisho hakuligusa.

Alinifuata, wala hakuja kwa hasira. Alinionyesha ukungu chini ya kioo, akaniuliza, "Kaka, maji yameingiaje?"

Nikamjibu, "Labda uliigonga mahali."

Ndugu zangu, dhambi ya kwanza niliifanya kwa kunyamaza. Ya pili niliitia sauti.

Likizo ilipofika aliipeleka kwa mzee mmoja fundi saa pale Koboko, mtu aliyekaa na kazi hii tangu sisi hatujazaliwa. Mzee alifungua, akatazama, akabadilisha mpira, akakausha mashine, akakataa malipo. Kisha akamwambia, "Msalimie aliyeifungua kabla yangu. Mwambie aje tunywe chai."

Nilikwenda. Sikuwa na usingizi wa kunizuia. Mzee alinipokea kwa salamu, akaniwekea chai, akauliza habari za masomo na za wazazi. Halafu akachukua saa kuukuu mezani, akafungua kifuniko cha nyuma, akanipa kioo cha kukuzia.

"Angalia ndani, mwanangu. Unaona nini?"

Niliona mikwaruzo midogo iliyochorwa kwa ncha ya chuma: tarehe, herufi mbili, kisha tarehe nyingine na alama nyingine. Ni desturi ya mafundi saa duniani kote. Kila anayeifungua saa kuihudumia huacha alama yake ndani ya kifuniko, mahali ambapo mvaaji haoni maisha yake yote.

"Anayeweka alama," akasema, "anasema: nimefika hapa, siku fulani, na nikikosea nitafuteni. Ile ya kijana wetu niliitafuta alama yako, sikuiona. Mbona hukuiweka?"

"Sikujua desturi hiyo, mzee."

"Sawa. Na kama ungeijua, ungeiweka?"

Nilitazama chai yangu. Sikuwa na jibu, naye hakulidai.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa umajimaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema mvua imeinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyoloa ili watu waione, kisha akaeleza kwamba anayehadaa hana fungu katika yeye. Angalieni vizuri: yule mfanyabiashara hakuleta mvua. Mvua ni kadari. Kosa lake lilikuwa mpangilio: kavu juu, mbichi chini. Na mpira wangu wenye mpasuko haukuwa kosa, maana saa kuukuu ina maradhi yake. Kosa langu lilikuwa uso mpya juu na mpira mbovu chini.

Na katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na wakasema uongo, baraka yake hufutwa. Tazama neno kubainisha. Haitoshi kutosema uongo. Aibu ya bidhaa unatakiwa uitaje wewe, kabla hujaulizwa.

Wapo watakaosema: mimi siuzi, najirembea tu. Nao wana fungu katika maneno haya. Wapo kati yetu wanaoagiza uso wenye nembo ya kampuni ghali ya Uswisi na kuuweka juu ya mashine ya bei ndogo. Kumbukeni pete ya Mtume (S.A.W.). Alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa hawapokei barua isiyo na muhuri, akatengeneza pete ya fedha ikachorwa jina lake na ujumbe wake. Basi kukipamba kitu kwa maandishi yenye haja si haramu. Lakini akakataza mtu mwingine yeyote asichore maandishi yale yale katika pete yake. Wanazuoni wanaeleza hekima yake: ule ulikuwa muhuri, na muhuri ni ushahidi, ukiigwa, ushahidi unaharibika. Jina kwenye uso wa saa nalo ni ushahidi wa nani aliyeitengeneza. Rangi badilisha, mishale badilisha, mkanda shona wa ngozi ukipenda. Jina la mtu asiyehusika usiliweke.

Basi nawausia, na najiusia mimi mwanzo, mambo manne.

La kwanza: anayekupa saa yake amekupa amana. Kipuri chake ni chake, hata kile kilichovunjika. Mrudishie mkononi, na umwambie ulichofanya na ulichoshindwa.

La pili: ukiuza, anza na aibu. Sema mashine imetoka saa nyingine, sema mpira si mpya, sema aivue akitia udhu. Atakayeondoka alikuwa si riziki yako.

La tatu: hesabu mali yako. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, miongoni mwa atakayoulizwa mja Siku ya Kiyama ni umri wake aliumalizaje, ujana wake aliuchakazaje, na mali yake aliichuma wapi na akaitumia katika nini. Saa kumi ndani ya kopo, na ada ya muhula inaombwa kwa mjomba, ni jibu gumu kulitoa siku hiyo. Na wanaume tukumbuke, dhahabu ni haramu kwetu, iwe kidoleni au mkononi.

La nne: adhana ikisikika, weka kibano chini. Nimewahi kuchelewa jamaa ya Alasiri nikiwa natafuta skrubu iliyoruka chini ya kitanda. Nilikuwa nimeshika saa inayokwenda vizuri kabisa, nami nimepitwa na wakati.

Yule mdogo wetu nilimwendea. Nilimweleza yote: mashine, mpira, na lile neno la "uliigonga". Nilimrudishia shilingi 120,000 zote na saa nikamwachia. Alizipokea, akanishukuru, akasema amesamehe. Tungali tunaswali safu moja.

Lakini swali la mwisho la mtihani ule sikuweza kumrudishia. Wala mzee wa Koboko hawezi, wala fundi yeyote wa Uswisi au Japani. Fedha inahesabiwa na kurudi. Dakika zikimwagika hazizoleki. Ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini Mwenyezi Mungu (S.W.), katika Suratul Asr, ameapa kwa wakati, kisha akataja hasara ya mwanadamu, na akawavua katika hasara hiyo wale wanaoamini, wakatenda mema, wakausiana haki na wakausiana subira. Nimekuwa nikiisoma sura hiyo tangu madrasa kwa sababu ni fupi. Sasa naisoma polepole.

Siku hizi kila saa ninayoifungua naiwekea alama: tarehe na herufi mbili. Mikono yangu hutetemeka kidogo ninapoichora, kwa sababu najua kuna waandishi wengine, watukufu, walioandika kabla yangu siku ile nilipofunga mpira mbovu nikadhani hakuna aliyeona.

Ewe Mwenyezi Mungu, tujaalie tuwe wakweli katika yanayoonekana na yaliyofunikwa. Tubarikie katika vijikazi vyetu vya mikono na katika riziki zake za halali. Tusamehe haki za ndugu zetu tulizozichukua, na utupe ujasiri wa kuzirudisha tungali hai. Wape afya wazee wetu wanaotufundisha kwa upole. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.