Mwindo baada ya ushindi: je, aliyemshinda adui amemaliza kazi?

Vijana wetu siku hizi wanajua vizuri mashujaa wa mbali. Mwezi wa Agosti 2024 kampuni ya Kichina Game Science ilitoa mchezo wa video unaoitwa Black Myth: Wukong, uliotokana na hadithi ya China ya karne ya 16 juu ya nyani Sun Wukong. Mchezaji anashika fimbo, anapita milima na misitu, na kila mara anakuta jitu ama joka limefunga njia. Akilishinda, anapata nguvu na kwenda kwa lingine. Akishindwa, anaanza tena. Kumwangusha yule mkubwa njo utamu wa mchezo.

Sisi wa Pinga, tunaokaa pale Masisi na Walikale zinapokutana, tunaweza kusema: kumbe hadithi ya namna hii tunayo. Ni ile ya Mwindo, ambayo Wanyanga wanaiita karisi. Mwaka 1956 mzee Shé-Kárisi Rureke aliiimba na kuisimulia, ikaandikwa. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa kwetu, waliitoa katika kitabu, na tangu hapo inasomwa katika vyuo vikuu vya dunia.

Mwindo naye anapambana na mkubwa mmoja baada ya mwingine. Baba yake Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliamuru wake zake wazae wasichana tu; huyu mvulana alipozaliwa, akataka kumwua. Akamrushia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto akapona. Akapita kwa Mukiti, nyoka wa maji, aliyemwoa shangazi yake Iyangura. Akapigana na Kasiyembe. Akamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, huko akashindana na Muisa, kisha akacheza kamari na Sheburungu. Mwishoni akamwua Kirimu, joka la msitu lenye vichwa saba, lililokuwa limemeza Wambuti watatu.

Mpaka hapo hadithi inafanana na mchezo. Lakini tuangalie silaha yake. Mwindo ana usinga, unaoitwa conga. Kwa usinga ule ule anapiga, na kwa usinga ule ule anafufua. Kasiyembe alikufa, shangazi akamwombea, Mwindo akamwamsha. Muisa naye alipigwa akaanguka, kisha akainuliwa. Watu wa Tubondo walioteketea kwa radi ya Nkuba walirudishwa uhai. Na baba yake, aliyemtafuta kwa hasira yote ile, hakumwua: alimleta nyumbani, mzee akakiri kosa lake mbele ya watu, na utawala wakaugawana.

Kirimu peke yake njo hakuamshwa. Alikatwa, akachomwa, akaliwa. Harufu ya nyama yake ikapanda juu mpaka kwa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba alikuwa rafiki wa Mwindo, tena ndiye aliyemsaidia kuichoma Tubondo. Lakini alikuwa amechanjiana damu na Kirimu. Basi akashuka, akamchukua shujaa mpaka mbinguni, akateswa mwaka mzima na mvua, baridi na jua. Akakatazwa kuua tena mnyama yeyote, hata mdudu mdogo.

Hapa swali linakuwa gumu. Mtu atasema: Kirimu alikuwa anameza watu, Mwindo angefanya nini? Ni kweli, na hadithi haisemi kwamba angewaacha Wambuti waliwe. Inasema jambo lingine: hata ukiwa na haki ya kupigana, yule unayemwua ana ndugu. Hakuna adui aliye peke yake. Harufu itafika mahali, na pengine itafika kwa rafiki yako mwenyewe.

Tusiwadharau Wachina. Katika hadithi yao nyani yule aliyejigamba mbele ya mbingu alikandamizwa chini ya mlima miaka 500. Hata mchezo wenyewe, mwisho wa kila sehemu, unaonyesha filamu fupi za katuni zinazogusa maisha na machungu ya wale waliopigwa. Wazee wa pande zote mbili waliona hatari ile ile: nguvu bila kipimo inamgeukia mwenyewe.

Tofauti iko kwa anayecheza. Katika mchezo aliyeanguka hana mjomba wala mtoto atakayekuja kudai. Katika msitu wetu anao. Tumeona miaka mingi jinsi kijana mwenye bunduki anavyohesabu ushindi wake, na jinsi kila ushindi unavyozaa kisasi kwenye kilima cha pili. Njo maana karisi haiishi kwenye kifo cha joka. Mwindo anarudi kutoka juu, anakusanya watu, anawapa amri: walime mazao ya kila aina, wajenge nyumba nzuri, waache ugomvi, wasitamani mke wa mwingine, wasimcheke mgonjwa.

Vijana wacheze, si kosa. Lakini sisi wazazi tuwasimulie Mwindo mpaka mwisho, tusiishie kwa Kirimu. Anayejua kupiga tu ameshika nusu ya usinga. Nusu ile ya kuamsha, kukiri na kugawana, nani atawafundisha kama si sisi?