Jiwe Linauzwa, Pango Je?

Katika barabara ya Namanga, pale Isinya, malori yaliyosheheni mawe ya chokaa kutoka upande wa Kajiado hupita yakielekea viwanda vya saruji vya Athi River. Huko mawe husagwa, huchanganywa na udongo, kisha hupitishwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi zipatazo 1,450. Baadaye jiwe lilelile hurudi Kitengela ndani ya mifuko na kugeuka kuta za nyumba, maduka, makanisa na misikiti. Hakuna anayeuliza kama lilikuwa na heshima yoyote kabla ya kupigwa baruti. Kwa hesabu hiyo, utakatifu huja mwishoni, fundi akishamaliza plasta na jengo likishaombewa dua.

Ukifika Tanga, hesabu hiyo inapinduka. Kilomita zipatazo nane kaskazini mwa jiji hilo kuna mapango ya Amboni, yaliyomo ndani ya mwamba wa chokaa wenye umri wa miaka ipatayo milioni 150. Humo watu huacha sadaka kwa mizimu: huyu anaomba mtoto, yule afya, mwingine riziki. Masimulizi ya siku nyingi yanadai kwamba njia za chini kwa chini zinatokea Mombasa, hata Kilimanjaro. Wapimaji wa mwaka 1994 walikuta kwamba hata pango refu kuliko yote halifikii kilomita moja. Sadaka hazikukoma kwa sababu ya vipimo hivyo.

Kikemia, jiwe la Kajiado na la Amboni ni ndugu. Hata marumaru ya Turoka, karibu na mji wa Kajiado, ni chokaa iliyobadilishwa na joto na mgandamizo wa ardhi. Pango nalo huchimbwa na maji. Mvua hubeba kaboni dayoksaidi ya angani na ya udongoni, ikawa tindikali dhaifu, ikapenya nyufa na kuyeyusha mwamba taratibu. Tone linapofika kwenye dari ya pango huiachia ile hewa na kubakiza chembe ya chokaa. Ndivyo yanavyokua mawe yanayoning'inia, mara nyingi kwa kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Tanuri la saruji nalo huifukuza hewa hiyohiyo kutoka kwenye chokaa, ila kwa muda usiofika siku moja.

Basi ikiwa jiwe ni moja, utakatifu umekaa wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba umo katika uwazi. Mwaka 1970 wanafalsafa wawili, David na Stephanie Lewis, walichapisha makala ya majibizano kuhusu mashimo. Mmoja wa wabishi wao haamini kuwepo kwa kitu kisichoshikika, kwa hiyo analazimika kudai kwamba shimo ni ule ukingo unaolizunguka tu. Kwa mantiki hiyo tundu la sindano ni chuma, na pango ni ukuta wake wa mawe. Mtu wa Amboni angemkatalia palepale, kwani haingii ndani ya jiwe kuomba. Lakini naye ana swali la kujibu. Machimbo ya Kajiado pia ni uwazi ndani ya chokaa, tena mkubwa, na hakuna anayekwenda kufukiza ubani humo.

Jibu la pili linatoka Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi. Mwaka 2021 jarida la Nature lilitangaza kaburi lililopatikana humo, la mtoto wa miaka kati ya miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu lililowahi kuthibitishwa barani Afrika. Watafiti walimwita Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Dalili zinaonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilivingirishwa ndani ya kitu, na kichwa kikawekewa mto. Hapa, kinacholitenga pango na machimbo ni yale ambayo watu wameyatenda humo.

Jibu hilo linaridhisha hadi mtu aulize kwa nini basi matendo hayo yasihamishwe. Mengine yanahama. Tangu Bernadette Soubirous aeleze maono yake mwaka 1858 katika pango la chokaa la Lourdes, Ufaransa, Wakatoliki wamejenga mifano ya pango hilo duniani kote. Parokia nyingi za Kenya zina groto yake, aghalabu ya mawe na saruji, na anayesali hapo haoni kwamba amepunjwa. Wamaasai, wenye nyika ya Isinya, hawakuhitaji pango kabisa. Enkai, Mungu wao, aliombwa chini ya mti wa oreteti. Mtu mwenye heshima alizikwa chini ya rundo la mawe, na kila mpita njia akaongeza lake.

Upo pia utakatifu usiobebeka, na sayansi yenyewe imeutolea ushahidi bila kukusudia. Mifupa ya Mtoto ilikuwa dhaifu mno, hivyo wachimbaji hawakuitoa mmoja mmoja. Walilifunga bonge zima kwa plasta, mifupa pamoja na udongo wake, likapelekwa Nairobi na hatimaye Burgos, Hispania. Bila udongo ule kusingekuwa na njia ya kujua kwamba kichwa kililala juu ya mto uliooza. Hata asiyeamini mizimu alilazimika kumhamisha marehemu pamoja na kipande cha mahali pake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyaweka mambo haya mawili, jiwe na mahali pa ibada, jirani. Ibara ya 62 inayahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inaitaja chokaa miongoni mwa madini hayo. Ibara ya 63 inaihesabu kuwa ardhi ya jamii ile ambayo jamii fulani inaitumia kihalali kwa misitu, malisho au mahali pa ibada. Kilima kimoja chenye pango kinaweza kuangukia ibara zote mbili, jiwe kwa hii na uwazi kwa ile. Mgogoro ukizuka, upande wa jiwe utaleta tani na bei, na upande wa pango utaleta wazee wa kueleza ni nani huomba pale na tangu lini. Kwa kuwa chokaa imetapakaa vilima vingi, kutoka Kajiado hadi pwani, anayeomba leseni ndiye anayepaswa kutangulia kujieleza: kwa nini kilima hiki, na si kile cha jirani kisicho na pango.