Nani Aliyeandika Maandiko Matakatifu?

Watoto wetu warudipo likizo kutoka shule za bweni na vyuo, hutuletea mambo mengi mapya: maneno mapya, nyimbo mpya na maswali mapya. Moja katika maswali hayo limeanza kusikika katika nyumba nyingi za Wakristu. Mara nyingi huulizwa jioni, rozari ikiisha, kabla watu hawajakwenda kulala. Kijana husema: "Baba, shuleni twaambiwa kwamba Injili hazikuandikwa siku zile Bwana Yezu alipokuwa duniani. Ziliandikwa miaka mingi baadaye, tena na watu. Basi twajuaje kwamba ni neno la Mungu?"

Baba hujibu nini? Tukisema kweli, wengi wetu hujibu: "Nyamaza, mwanangu, hiyo ni kufuru." Na kijana hunyamaza, maana heshima ya mzazi humfunga kinywa. Lakini swali halikufa. Limeingia moyoni na kukaa humo peke yake, bila wa kulitunza. Baada ya mwaka mmoja au miwili twamwona haji tena Misa. Twalaumu mji, twalaumu marafiki zake, twalaumu simu yake. Jioni ile hatuikumbuki.

Wapenzi wasomaji, leo twataka kuirudia jioni ile, ili swali litakapokuja tena tuwe na jibu linalostahili. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Naye Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, aliwataka Wakristu wawe tayari daima kumweleza kila mwenye kuuliza sababu ya matumaini yao, na kufanya hivyo kwa upole. Hakuwaagiza wamnyamazishe.

Yatupasa kwanza kukiri kwamba aliyoyasikia kijana shuleni ni kweli. Bwana wetu hakuandika kitabu. Injili zatusimulia mara moja tu kwamba aliandika, kwa kidole, chini katika udongo, siku ile walipomletea mwanamke aliyefumaniwa. Na aliyoyaandika hayakuhifadhiwa. Alihubiri, aliponya wagonjwa, alikufa msalabani yapata mwaka 30, akafufuka, akawatuma Mitume wake wahubiri. Nao wakahubiri. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba barua ya kwanza ya Mtakatifu Paulo kwa Wathesalonike ni kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya Agano Jipya, nayo iliandikwa yapata mwaka 51, miaka 20 hivi baada ya Pasaka ile ya kwanza. Injili ya Marko yadhaniwa kuwa ya karibu na mwaka 70. Zile za Mateo na Luka zilifuata, na ya Yohane ilikamilika karibu na mwisho wa karne.

Je, Kanisa limeyaficha mambo haya? Hata kidogo. Tarehe 21 Aprili 1964 Tume ya Kipapa ya Biblia iliyafafanua wazi, na tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili uliyathibitisha katika hati yake iitwayo Dei Verbum. Kwanza, Bwana mwenyewe alitenda na kufundisha. Pili, baada ya kufufuka kwake, Mitume waliyahubiri hayo wakiwa na ufahamu mkubwa kuliko ule waliokuwa nao walipotembea naye. Tatu, waandishi watakatifu walichagua machache katika mengi yaliyosimuliwa, mengine wakayafupisha, mengine wakayaeleza kulingana na hali ya makanisa yao, lakini daima wakitupa ukweli juu ya Yezu. Basi mzazi akiyasikia haya mdomoni mwa mwanawe, asidhani yametoka kwa adui wa dini. Yamo katika mafundisho ya Kanisa lake mwenyewe, ila pengine hajapata mtu wa kumsomea.

Tena waandishi wenyewe hawakujificha. Tufungue Injili ya Luka, mistari minne ya kwanza. Mwandishi asema waziwazi kwamba wengine wamekwisha kuandika kabla yake. Kwamba habari hizi zimepokewa kwa wale walioziona kwa macho. Na kwamba yeye amechunguza kila jambo tangu mwanzo, ndipo akaandika kwa utaratibu. Huyu ni mtu aliyetafuta, akauliza wazee, akalinganisha maneno ya huyu na ya yule. Tufungue na sura ya mwisho ya barua kwa Warumi. Humo karani aitwaye Tertio atoa salamu zake mwenyewe, akisema kwamba ndiye aliyeiandika barua hiyo. Paulo alisema, Tertio aliandika. Na katika Agano la Kale nabii Yeremia alisema na Baruku akaandika. Gombo lile lilipofikishwa kwa mfalme Yoyakimu, mfalme alilikata kwa kisu kipande kwa kipande, akavitupa vipande motoni. Yeremia akachukua gombo jingine, Baruku akaandika upya yote yaliyoteketea, na maneno mengi ya namna ile yakaongezwa.

Kijana atasema: "Lakini Injili zenyewe hazilingani." Hapa tukumbuke matanga ya wazee wetu. Baba wa nyumba akifariki, watoto wanne huketi wakamsimulia. Mkubwa atakumbuka ukali wake katika kazi, binti atakumbuka huruma yake, wa tatu atakumbuka safari fulani, na kitinda mimba maneno yake ya mwisho. Mmoja ataanza na lile ambalo mwingine ameliweka mwisho. Wasikilizaji hawasemi kwamba watoto hawa ni waongo. Lakini kama wote wanne wangesema maneno yale yale, neno kwa neno, tungeshuku kwamba wamefundishwa na mtu nyuma ya nyumba.

Mfano mmoja tunao midomoni kila siku, nao ni sala ya Baba Yetu. Katika Injili ya Mateo sala hii imo katika mahubiri ya mlimani. Katika Injili ya Luka Bwana aifundisha baada ya mwanafunzi mmoja kumwomba, nayo ni fupi zaidi. Kwa nini? Sababu moja yaelekea kuwa hii: kabla ya kalamu ya Mateo na ya Luka kuigusa karatasi, sala hii ilikuwa imekwisha kusaliwa kwa miaka mingi na Wakristu wa mahali mbalimbali, kila jumuiya ikiitunza kama ilivyoipokea. Kipo kitabu kidogo cha Wakristu wa kale sana, kiitwacho Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Nacho chaiandika sala hii, kisha chaagiza isaliwe mara 3 kila siku. Basi sisi tuisalipo na watoto wetu, twafanya lile lile lililofanywa kabla haijawako Injili yoyote iliyoandikwa. Imani ilitembea kwa midomo ya wazazi kabla ya kutembea kwa wino.

Sasa tulifikie swali lenyewe la kijana, maana tarehe na majina ni mlango tu. Ikiwa watu waliandika, kitabu hiki chakuwaje neno la Mungu?

Kanisa hutufundisha kwamba Mungu ndiye mtunzi wa Maandiko Matakatifu, kwa sababu yaliandikwa kwa uvuvio wa Roho Mtakatifu. Lakini hutufundisha pia kwamba Mungu aliwachagua watu, akawatumia wakiwa na akili zao zote na nguvu zao zote, hata wakawa watunzi wa kweli. Hakuwashika kama mtu ashikavyo kalamu isiyojua iandikacho. Ndiyo sababu Paulo awaandikiapo Wagalatia twasikia hasira yake, na awaandikiapo Wafilipi twasikia furaha yake. Ndiyo sababu Kigiriki cha Marko ni cha mtu wa kawaida, na kile cha Luka ni cha mtu aliyesoma. Roho Mtakatifu hakuifuta sauti ya mtu yeyote.

Je, jambo hili latushangaza? Basi latupasa kushangaa zaidi mbele ya pango la Noeli. Neno wa milele alitwaa mwili kwa Bikira Maria, akalia kama mtoto, akajifunza kutembea, akawa na lafudhi ya Galilaya. Hatumwoni kuwa si Mungu kwa sababu alishika randa na msumeno. Mtaguso wenyewe walinganisha mambo haya mawili: maneno ya Mungu yaliyosemwa kwa ndimi za watu yamefanana na usemi wa watu, kama vile Neno wa Baba alivyofanana na watu alipotwaa udhaifu wa mwili. Mwenye kuona aibu kwamba Maandiko yana alama ya mkono wa mwanadamu, aangalie asije akaona aibu juu ya Betlehemu.

Kwa hiyo tusiogope hata pale jina la mwandishi lisipojulikana. Barua kwa Waebrania haitaji jina la aliyeiandika. Tangu karne ya tatu Origene wa Aleksandria, mwalimu mkuu katika Afrika ya kale, alikiri kwamba aliyeiandika hasa amjuaye ni Mungu. Hata hivyo Kanisa laisoma barua hiyo katika Misa. Halikuipokea kwa ajili ya sahihi iliyo chini yake. Liliitambua sauti yake kuwa ni ile ile ya imani ya Mitume.

Na vitabu hivi vilitambuliwaje? Hapa tuwatazame ndugu zetu wa Afrika ya Kaskazini. Tarehe 17 Julai mwaka 180, huko Karthago, Wakristu 12, wanaume 7 na wanawake 5, walisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi aliyeitwa Saturnino. Liwali aliuliza wana nini katika sanduku lao. Mmoja wao, jina lake Sperato, akajibu kwamba ni vitabu na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Wakapewa siku 30 za kufikiri, wakazikataa, wakauawa kwa upanga. Mwaka 303 Kaisari Dioklesiano aliamuru vitabu vya Wakristu vichomwe moto. Wengine walivitoa, wengine walikubali kufa kuliko kuvitoa.

Tuangalie vizuri miaka hiyo. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, imo katika barua ya Pasaka ya Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Maaskofu wa Afrika walikutana Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, wakaithibitisha orodha ya vitabu vya kusomwa Kanisani. Mtaguso wa Trento uliifunga kabisa kwa tamko la tarehe 8 Aprili 1546. Lakini Sperato na wenzake hawakuwa na orodha ya mtaguso wowote. Walikuwa wamezisikia barua hizo zikisomwa walipokusanyika kusali, wakazijua kama mtoto ajuavyo sauti ya mama yake gizani. Mitaguso ilikuja baadaye kutamka rasmi lile ambalo Wakristu walikuwa wameliishi, na wengine wamelifia.

Basi, mwanao akikuuliza nani aliyeandika Maandiko Matakatifu, mjibu bila woga: "Watu waliyaandika, mwanangu, na Mungu aliyaandika kwa mikono yao. Kanisa liliyasali kabla ya kuyaandika, likayatunza kwa damu, likatupa sisi." Akiuliza zaidi nawe hujui, sema hujui. Si aibu. Mwambie, "Jumapili tutamwuliza Padre," kisha mwende kweli, pamoja.

Lakini lipo jambo moja ambalo hakuna Padre atakayetutendea. Katika nyumba zetu nyingi Biblia imo kabatini, imefunikwa kitambaa safi, na ndani yake tumehifadhi vyeti vya ubatizo na vya ndoa. Twaiheshimu kweli, ila hatuifungui. Tutamjibuje mtoto juu ya kitabu ambacho hajapata kutuona tukikisoma? Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 30 Septemba 2019, sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo aliyeyatafsiri Maandiko kwa Kilatini, aliagiza kwamba Jumapili ya tatu ya kipindi cha kawaida iwe Dominika ya Neno la Mungu. Tusiingoje Jumapili hiyo.

Jioni ya leo, rozari ikiisha, vyeti na viwekwe mahali pengine. Kijana aliyeuliza swali ndiye asome, maana macho yake ni mazuri kuliko yetu. Aanze na ile mistari minne ya Luka, mtu aliyeuliza na kuchunguza kabla ya kuandika. Kisha tumwache aulize, nasi tumsikilize mpaka mwisho. Roho Mtakatifu aliyemwongoza Luka katika kutafuta kwake hatamwacha mtoto wetu katika kutafuta kwake.